Mkwaruzo Ndani ya Kumbushi

Katika watu wote waliojaa sebuleni kwake Jumapili ile, Mzee Malogo Chilewa hakumjua hata mmoja, lakini aliwasalimu wote kwa majina.

"Karibu, mchungaji. Goti limepata nafuu?" alimwuliza mwanamume mwenye kola nyeupe. Kisha akamgeukia mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani. "Mama Zakayo! Mwanao ameshapata uhamisho wa kurudi huku?"

Kila aliyesalimiwa alitabasamu, maana hakuna asiyependa kukumbukwa.

Aliyekuwa akikumbuka si mzee. Nyuma ya sikio lake la kulia kilibandikwa kipande cha plastiki kidogo kama punje ya haragwe, nacho kiliitwa kinong'onezi. Kwenye fremu ya miwani yake palikuwa na kamera ambayo mgeni asingeiona bila kuionyeshwa. Kamera iliuona uso wa mtu, ikaipeleka picha kwenye sanduku la chuma lililokaa chini ya kitanda chumbani, sanduku likatafuta na kupata, na kinong'onezi kikamwambia mzee kwa sauti ya chini: huyu ni fulani, ana jambo fulani, mwulize. Mambo hayo yote yalimalizika kabla mgeni hajamaliza kunyoosha mkono. Mashine hiyo nzima, yaani sanduku, kamera na kinong'onezi, watu waliiita kumbushi.

Dodoma ya wakati ule ilikuwa na watu wengi wa aina ya Mzee Malogo. Treni zilipita juu ya nguzo bila dereva, roboti zilifagia barabara kabla jua halijachomoza, na mizabibu ya Hombolo ilivunwa na mashine zenye vidole laini kuliko vya binadamu. Waganga walikuwa wamejifunza kurefusha umri wa moyo, wa figo na wa mifupa. Umri wa akili ndio uliowashinda. Kwa hiyo mji ulijaa wazee wenye nguvu za kutembea hadi sokoni na kurudi, wasiojua wamekwenda kununua nini. Mzee Malogo mwenyewe, ujanani mwake, alikuwa mpima ardhi. Mitaa mingi ya Iyumbu aliichora yeye. Sasa bila kinong'onezi asingeijua njia ya kutoka kwenye lango lake mpaka duka la jirani.

Binti yake, Dorika, aliingia na sinia la chai. Ndipo kutoka chumbani ukasikika mlio: tik, tik, tik, kisha kitu kikakwaruza kama ukucha juu ya sufuria kavu.

Mzee alinyamaza katikati ya sentensi. Akamtazama Dorika kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mhudumu wa hotelini.

"Samahani, mama," alisema. "Wewe ni nani?"

Dorika aliweka sinia mezani polepole, asimwage chai. Kesho yake asubuhi alimpigia simu mhandisi.

*

Mhandisi aliitwa Tunu Shekiondo, na karakana yake ilikuwa Nkuhungu. Wenzake wengi walishughulika na vioo vya kumbukumbu, vile vipande vyembamba vinavyoweza kuhifadhi mambo ya mtu wa miaka tisini bila kutoa sauti yoyote. Tunu alibaki na mashine za zamani. Alizipenda kwa sababu zililia zinapoumwa. Kioo kikifa, hufa kimya. Diski ya zamani hulalamika kwanza, na mwenye masikio akiwahi, huokoa kitu.

Kumbushi ya Mzee Malogo ilikuwa ya toleo la kwanza. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na diski yenye sahani za kung'aa zinazozunguka kwa kasi mno, na juu ya kila sahani kichwa kidogo cha kusomea kikielea kwenye hewa nyembamba kuliko unywele. Kampuni iliyozitengeneza ilikuwa imefungwa zamani. Na hapakuwa na nakala nyingine popote, kwa kuwa sheria ilikataza. Miaka ya mwanzo, watoto wasio na haya walizinakili kumbukumbu za wazazi wao, wakaifundisha nakala kuongea kama mzee na kuitumia kuuza viwanja. Tangu hapo serikali iliamuru: kumbukumbu za mtu mmoja, mahali pamoja. Kuzihamisha kuliruhusiwa tu pale mashine inapokufa, na tena kwa mkono wa mhandisi mwenye kibali.

Tunu alifika Iyumbu mchana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Alisubiri kidogo, akisikiliza sikioni. Tunu alikuwa mgeni kabisa, hivyo kinong'onezi hakikuwa na la kusema. "Sijakufahamu."

"Hatujawahi kuonana, mzee. Mimi ni fundi. Nimekuja kusikiliza mashine yako."

"Aa." Alionekana kufarijika kwamba kwa mara hiyo kutofahamu hakukuwa kosa lake. "Sikiliza basi. Mimi nilikuwa napima ardhi. Ardhi haisemi."

Chumbani, Dorika alimsaidia Tunu kulivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kuongea kwa kifupi, na macho yake yalionyesha kwamba usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande.

"Itapona?" aliuliza.

"Mlio si ugonjwa, dada, ni dalili tu. Kwanza nijue unatoka wapi."

Tunu alianza na mambo mepesi, kama afanyavyo mganga anayegusa paji la uso kabla ya kuchukua damu, na kila hatua aliungoja mlio, uliokuwa ukija na kukatika. Alikaza skrubu za sanduku, kwa maana skrubu moja ikilegea huweza kupiga kelele kuliko mashine iliyoharibika. Mlio ukabaki. Alifungua kifuniko cha feni, akapuliza vumbi, kisha akaizuia feni kwa kidole kwa muda mfupi. Mlio ukabaki. Aliliweka sanduku juu ya godoro la sponji, maana fremu ya kitanda huweza kuikuza sauti ndogo kama ngozi ya ngoma. Sauti ilipungua unene, lakini ikabaki. Akabadilisha waya wa umeme na kutumia betri aliyokuja nayo, kwa kuwa umeme usiotulia huifanya diski ianze na kusita, ianze na kusita. Hata hapo mlio ulirudi.

"Basi ni diski yenyewe," alisema.

Alitoa sikizi yake, kifaa kama kile cha mganga cha kusikilizia kifua, ila ncha yake ilibeba akili mnemba iliyofundishwa milio ya mashine elfu nyingi. Kuvuma kwa sauti nyembamba ni ekseli inayokauka. Kugonga kwa mpigo mmoja ni kichwa kilichopotea njia na kurudi nyumbani kutafuta upya. Kukwaruza ndio mlio mbaya kuliko yote: kichwa kimegusa sahani.

Aliibandika sikizi kwenye sanduku na kusubiri. Diski ilizunguka vizuri, ikivuma kama nyuki aliye mbali. Haikugonga wala kukwaruza. Tunu akasubiri zaidi, akaanza kudhani mlio umeondoka wenyewe.

Kutoka sebuleni mzee akauliza kwa sauti ya kawaida, bila kumlenga mtu, "Foibe yuko wapi?"

Tik, tik, tik. Kisha mkwaruzo mrefu.

Tunu alimtazama Dorika. Dorika alitazama sakafu.

Mlio ulikoma. Kinong'onezi bila shaka kilimjibu mzee, kwa sababu alinyamaza. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Tunu alimwona amegeuza uso kuelekea dirishani, mikono magotini.

"Huwa anauliza hivyo mara nyingi?" Tunu aliuliza.

"Sana. Akishajibiwa, hutulia."

"Anajibiwa nini?"

Dorika alifunga mlango. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, na kwa muda alipapasa tu shuka.

"Foibe ni mama yangu," alisema. "Ugonjwa wa baba ulipoanza, mama ndiye aliyeijaza hiyo mashine. Kila jioni alikaa hapa na kusimulia: walivyokutana, majirani, mashamba, nani alizaliwa lini, baba anapenda nini na anachukia nini. Alisema, 'Mimi ndiye kichwa chake sasa.' Halafu yeye ndiye aliyetangulia kufa. Homa ya mapafu."

"Pole, dada."

"Tulimzika. Kesho yake asubuhi baba akauliza mama yuko wapi. Mashine ikamwambia amekufa, kwa kuwa nilishaiandikia. Akalia kama alivyolia makaburini. Mchana akauliza tena, akaambiwa tena, akalia upya. Mhandisi, kila siku kwake ilikuwa siku ya msiba. Hakula. Nikaona nitazika wawili."

Tunu alijua kilichofuata kabla hakijasemwa. Kumbushi zote za toleo lile zilikuwa na sehemu iliyoitwa Faraja. Iliwaruhusu ndugu kuweka jibu tamu mahali pa jibu chungu. Ilikuwa halali, na waganga waliipendekeza.

"Ukaweka Faraja."

"Nikaandika kwamba amekwenda Mpwapwa kwa dada yake, atarudi. Na kweli akatulia. Akaanza kula." Dorika alimtazama. "Nilikosea?"

Tunu alikuwa ameliweka sanduku magotini na kuelewa, kwa jinsi mtu wa kazi yake anavyoelewa, mahali jeraha lilipo. Alieleza taratibu. Sahani ya diski hupakwa mafuta membamba mno yasiyoonekana. Kichwa kikipita huku na huku, mafuta hubaki sawasawa. Kikirudi mahali palepale siku nzima, mwaka baada ya mwaka, mafuta ya hapo huisha, na mwisho kichwa huanza kula sahani yenyewe. Mashine za baadaye zilifundishwa kuhamishahamisha majibu yanayoulizwa sana. Hizi za kwanza hazikufundishwa.

"Lile jibu la Mpwapwa," Dorika alisema, "limekaa wapi?"

"Mashine hupanga mambo ya kila mtu mahali pamoja. Jibu linalomhusu mama limekaa pamoja na mambo mengine ya mama."

"Yale aliyosimulia mwenyewe? Kwa sauti yake?"

"Ndiyo."

Dorika aliziba mdomo kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka feni ya sanduku ikajizima yenyewe.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimfuta," alisema.

*

Tunu aliichukua diski mpaka karakana yake. Hapakuwa na njia nyingine. Kila swali la mzee lilikuwa likichimba zaidi, na vumbi la sahani lilikuwa likienea kwenye sehemu zilizo nzima bado; ndiyo maana Jumapili ile hata jina la Dorika lilikwama. Alimwonya Dorika kwamba kwa siku chache baba yake atakaa bila kinong'onezi.

"Hatanijua," Dorika alisema.

"Hatakujua. Lakini usipokubali sasa, hatakujua tena kamwe."

Katika chumba kisicho na vumbi, Tunu aliifungua diski. Kwa macho tu aliliona jeraha: mstari mwembamba wa kijivu kwenye sahani iliyokuwa na uangavu wa kioo, kama njia ya mbuzi inayozunguka kilima. Alianza na sehemu zilizo nzima, kwa kuwa ndiyo kanuni. Huokoi aliye chini ya kifusi kabla ya kuwatoa wanaoweza kutembea. Majirani walihama salama kuingia kwenye kioo kipya. Kanisa likahama. Mitaa ya Iyumbu, Dorika mtoto, Dorika mwanafunzi, Dorika mtu mzima, vyote vikahama. Mwisho kikabaki kile kipande cha kijivu.

Dorika alikuwa amemwambia ajaribu.

Tunu alibandika sikizi na kukisogeza kichwa. Mkwaruzo ulianza mara moja. Alisubiri, akakiinua, akaacha diski ipoe, akakirudisha upande mwingine. Alitumia hila zote alizozijua. Mara chache sahani ilitoa kitu: nusu ya neno, kikohozi, mlio wa kikombe kuwekwa mezani. Halafu, kwa bahati, ikatoa kipande kizima, cha muda mfupi kuliko mtu anavyofunga kamba za kiatu. Baada ya hapo kichwa kilivunjika. Sikizi ikamwandikia alichokwisha kujua: hakuna cha kusikiliza.

Alikuwa amesikia diski nyingi zikifa. Kwa kawaida alivua glavu na kuandika taarifa. Safari hii alikaa na glavu mikononi, akiangalia sahani ikipunguza mwendo mpaka ikasimama.

*

Aliporudi Iyumbu alimkuta Dorika jikoni akichambua mlenda. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, bila miwani yenye kamera, na alionekana mdogo zaidi.

"Kila kitu kimehama isipokuwa mambo ya mama," Tunu alisema. "Pole sana, dada. Nimepata hiki tu."

Alimpa spika ndogo. Dorika aliibana sikioni kama anayesikiliza habari kutoka mbali. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, yenye mikwaruzo, ikicheka: "Hapana, hilo tusiliweke. Hilo ni letu wawili tu."

Dorika aliirudia tena na tena.

"Ni lipi hilo?" aliuliza mwishowe. "Hata sijui ni lipi." Akajaribu kucheka na ikamshinda.

Mzee aliita kutoka sebuleni. "Jamani! Foibe yuko wapi?"

Hapakuwa na kinong'onezi cha kumjibu. Dorika alijifuta mikono, akaenda, akasimama mbele yake. Tunu alimfuata na kioo mkononi.

"Amekwenda Mpwapwa kwa dada yake, baba. Atarudi."

Mzee aligeuza uso kuelekea dirishani, mikono magotini, vilevile kama Tunu alivyomwona siku ile. Lakini siku ile alijibiwa na kitu kisicho na uso. Sasa mbele yake alisimama mtu, na kwa mtu mzee aliweza kuuliza.

"Ameondoka bila kuniaga?"

Dorika alijifuta tena mikono iliyokuwa imeshakauka.

"Foibe haendi hata dukani bila kuniaga. Miaka yote." Mzee alizungusha pete yake kidoleni. "Nilimkosea nini, binti? Wewe unajua? Nilimtukana? Niambie, nimpelekee watu wa kumwomba radhi."

Tunu aliona uso wa Dorika ukibadilika, na akaelewa anachokiona Dorika. Miaka yote ile ya utulivu, kila baada ya jibu tamu, mzee alikuwa amekaa dirishani akijiuliza kwa nini mke wake amemkimbia. Hawakujua, kwa sababu mashine ilijibu tu, haikumtazama aliyejibiwa. Nao walipomwona amenyamaza walidhani amefarijika.

"Hujamkosea kitu, baba," Dorika alisema. Akapiga magoti ili macho yao yalingane. "Mama hakwenda Mpwapwa. Mama alifariki. Aliugua mapafu, tukamzika hapa hapa Dodoma. Ulikuwepo."

Mzee alimkodolea macho. Kisha alisimama ghafla.

"Mwongo wewe! Wewe ni nani unayeingia nyumbani kwangu kunizulia msiba? Foibe! Foibe, njoo uwafukuze watu hawa!"

Alielekea chumbani akimwita, akafungua kabati, akafungua mlango wa bafuni, akarudi. Alipomkosa kila mahali alikaa chini sakafuni na kulia kwa sauti ambayo Tunu hakuwahi kuisikia kutoka kwa mtu mzima. Dorika alijaribu kumshika, mzee akamsukuma. Hakumjua.

"Kiweke," Dorika alimwambia Tunu. "Kiweke haraka."

Tunu alichomeka kioo, akambandika mzee kinong'onezi kipya, akamvika miwani. Ilichukua muda kidogo mashine kuamka. Kilio kilikuwa kimeanza kupungua chenyewe, maana hata sababu ya kulia ilikuwa ikimtoka. Mzee aliinua kichwa, akamwona mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, akasikiliza sikioni.

"Dorika," alisema kwa mshangao wa upole. "Mbona unalia, mwanangu?"

"Nilikuwa nakata vitunguu, baba."

Alimsaidia kuinuka na kumrudisha kitini. Mlangoni, Tunu aliuliza kwa sauti ya chini, "Sehemu ya mama iko tupu. Akiuliza, mashine itanyamaza. Niandike nini? Hata kile cha zamani naweza kukirudisha. Au kingine. Kwamba alimuaga baba, ila baba alikuwa amelala."

Lilikuwa jibu zuri, na Tunu aliona Dorika akilitamani.

"Iache kwanza," Dorika alisema. "Nitakupigia."

*

Hakupiga. Mvua za kwanza zilianguka, vumbi la Dodoma likatulia, na Tunu akaenda Iyumbu kwa ukaguzi ambao sheria iliudai baada ya kila uhamisho. Njiani alijiambia kwamba Dorika akiomba Faraja, atampa bila kumwuliza swali. Nani angemlaumu?

Kioo kilikuwa kizima. Dorika alikuwa amekonda.

"Usifikiri mimi ni jasiri," alimwambia Tunu walipokuwa chumbani. "Kuna siku ananiita mchawi. Kuna siku sina nguvu, najificha jikoni mpaka asahau alichouliza. Wiki iliyopita nilimwambia Mpwapwa, nikamwona anavyogeukia dirishani, nikashindwa kula."

"Naweza kuiweka sasa hivi, dada. Ni kazi ndogo."

Dorika alifungua mdomo kujibu, na sauti ya mzee ikamtangulia kutoka sebuleni.

"Dorika! Mama yako yuko wapi?"

Dorika aliondoka. Tunu alibaki mlangoni. Alimwona akivuta kigoda, akiketi karibu na baba yake, akiuchukua mkono wake kabla ya kusema lolote. Alimwambia kwa maneno machache, bila kupamba: mama aliugua, mama alifariki, tulimzika, ulikuwepo, ulitupia udongo.

Tunu alikaza misuli akisubiri kilio. Hakikuja. Machozi yalimtoka mzee na kupita kwenye makunyanzi, naye hakuyafuta.

"Aliteseka?"

"Kidogo, baba. Si muda mrefu."

"Nilikuwa karibu naye?"

"Ulimshika mkono, hivi."

Mzee aliitazama mikono yao. Baadaye akainua macho, akamtazama binti yake kama mtu aliyekuwa akitembea na mzigo wake na mara anagundua kwamba aliye pembeni yake naye amebeba wake.

"Kumbe na wewe umefiwa na mama," alisema.

Dorika aliitikia kwa kichwa.

"Pole sana, mwanangu. Pole sana." Aliuweka mkono wake wa pili juu ya kichwa cha Dorika, kama wafanyavyo kwa mtoto. "Na nani alikupa pole siku zote hizi, mimi nikiwa hivi nilivyo?"

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Jana ulinipa. Na juzi."

Mzee alifikiri. Hakukumbuka, na mashine haikuwa na la kumnong'oneza.

"Basi sogea karibu," alisema.

Dorika akasogeza kigoda, akalaza kichwa chake kwenye goti la baba yake, akalia. Tunu alirudi chumbani taratibu, akakusanya vifaa vyake, akaweka sikizi mfukoni bila kuikunja vizuri, na kutoka kwa mlango wa nyuma.